Taa za Maridadi na Kamba ya Uani

9 Februari

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Baba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Mapacha wamepanda darasa, na wote wawili wameng'oka meno ya mbele wiki moja, kwa hiyo picha ya mwaka huu tumeahirisha. Mimi kazi inaendelea; hoteli imeniongezea bustani ya pili, ile ya nyuma ya ukumbi.

Haya, masharti yako nimeyakubali. Unasema kwenye simu nakukata maneno, basi tuandikiane kama watu wa zamani, na tarishi wetu awe dereva wa basi la mizigo. Yeye ndiye atakayekupa barua hii pamoja na boksi. Tafadhali, usiligeuze la kuwekea vitambaa kabla hujalifungua. Ndani mna taa za sola kumi na mbili. Hazina waya, hazina swichi. Unazichomeka ardhini, mchana zinakula jua, jioni zinawaka zenyewe. Hata mtu ambaye balbu moja imemshinda kubadilisha ataziweza hizi.

Ndiyo, nimesikia habari ya balbu. Dereva aliniambia alipowaletea mzigo mwaka jana jioni alijigonga kwenye pipa la maji, akadhani amevamiwa. Nilicheka, halafu nikaona haya. Watu wanatoka mbali kuja kukaa jioni kwenye bustani zangu, na baba yangu mzazi anakaa uani kwenye giza totoro kama anajificha wadai.

Nakuambia mapema: mwisho wa Agosti nitakuja na wakwe zangu. Hawajawahi kufika hapo nyumbani. Ni watu waliozoea vitu nadhifu, na jioni hupenda kukaa nje. Chomeka taa pande zote mbili za njia, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye benchi la Baba. Hiyo ndiyo kazi yote.

Na kama nyumba imekushinda, sema tu. Chumba cha Baba kipo hapa kwangu, ghorofa ya nne, na lifti huwa inafanya kazi.

Mdogo wako.

2 Machi

Kwako Maridadi,

Nakuita jina lako la utotoni kwa sababu sioni kilichobadilika. Mtoto aliyegoma kunywa uji mpaka achanwe nywele leo anagoma kuja kwa baba yake mpaka ua uchanwe nywele.

Salamu zimefika. Wabusu mapacha kwenye mapengo yao. Mimi mzima, mgongo unanisumbua kidogo, maana ni msimu wa sare za shule na cherehani hainipi nafasi ya kunyooka. Baba naye hajambo. Kile kibanda chake cha kutengeneza saa bado hajakifungua. Anasema mikono imechoka, na mtu aliyefungua saa za watu ujana wake wote ana haki ya kuchoka. Asubuhi anavaa lile koti lake la kazi hivyohivyo, anakunywa chai, na jioni anakwenda kukaa kwenye benchi lake.

Boksi lako nimelipokea. Lo, kweli umetukumbuka! Miaka mitatu hujakanyaga hapa, na siku ulipokumbuka kuwa una kwenu, ukakumbuka kwamba kwenu kuna giza. Baba yako hali chakula cha jioni na taa, bwana wee. Anakula na mtu. Mtu huyo ni mimi, na sihitaji kuchomekwa ardhini ili nikae pale.

Hao wakwe zako nao, hebu nieleze. Kwao jua halizami? Wakikuta usiku umeingia watarudi na binti yao?

Baba amenishika mkono nikiwa naandika, anataka nikuandikie haya: "Mwanangu, taa zako zinapendeza sana. Uani sasa ni kama mchana. Kila jioni naziangalia nakukumbuka." Nimeandika alivyosema.

Hiyo habari ya ghorofa ya nne usiirudie tena. Usimwandikie Baba, usimwambie kwa simu, usiote hata usingizini.

Dada yako.

28 Machi

Kwako Dada,

Salamu kwako na kwa Baba. Wifi yako alikuwa na mafua, sasa amepona. Mapacha wanauliza kama ni kweli shangazi anaweza kushona mpira.

Nilisoma maneno ya Baba mara mbili, nikafurahi, nikamsomea na wifi yako. Kisha dereva akanitumia picha. Nilikuwa nimemwomba apige picha ya uani siku atakapochukua jibu lako, ili nijivunie kidogo mbele ya wenzangu kazini. Nimeitazama hiyo picha mpaka macho yameniuma. Hakuna taa hata moja! Mlango wa jikoni uko wazi na boksi langu linaonekana juu ya kabati, limejaa vitambaa vya sare. Nilikukataza kitu kimoja, Dada. Ndicho hichohicho ulichofanya.

Sasa niambie, Baba alikuwa anasifu nini? Uliandika mwenyewe ukamwekea maneno mdomoni? Mtu mzima, fundi mwenye ulimi mtamu kuliko wote mtaani, leo unamsemea kama mtoto! Ulidhani mimi ni zuzu wa kupewa kipande cha karatasi nikatulia.

Na hiyo kamba ni kitu gani? Nauliza kwa nia njema. Umefunga kamba ya kuanikia kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye bomba, na kutoka bombani hadi benchi, na umeifunga usawa wa kiuno! Shuka limeanikwa pale, nusu yake imelala kwenye vumbi. Mwanamke anayeshonea shule nzima hajui kuanika shuka? Imekata uwanja vipande viwili, mtu akitaka kupita ainame kama anaingia kwenye banda la kuku. Bustani zangu nina vijana wawili wavivu wasiojua lolote, lakini hata wao wasingefunga kamba namna ile.

Chomeka taa, ondoa kamba. Nafanya haya kwa ajili ya Baba, si kwa ajili yako.

Mdogo wako.

25 Aprili

Kwako Maridadi,

Salamu. Waambie mapacha mpira nitawashonea, wa vitambaa vya sare, ili angalau mtu mmoja kwenye nyumba yenu afurahie vitambaa vyangu.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Barua ya kwanza niliiandika siku ileile nilipopata yako, nikaichoma jikoni, maana mama yetu asingependa niyatumie maneno yale kwa mtoto wake. Sasa umenitumia mpelelezi mwenye simu! Hongera. Mtu anayehitaji dereva wa mizigo kumwonyesha kwao ana la kujivunia kweli.

Maneno ya Baba ni ya Baba. Sikuongeza wala kupunguza. Kwa nini aliyasema, muulize mwenyewe siku ukipata nafasi kati ya maua yako.

Taa zako sizichomeki. Vijiti vile vya chuma, pande mbili za njia, havifai hapa. Usiniulize kwa nini. Nimesema havifai, nami ndiye ninayefagia hapo.

Na kamba, nisikilize vizuri. Ikatae, icheke, waambie wenzako huko hotelini wacheke nawe. Lakini usiiguse. Shuka zangu zikifagia vumbi nitazifua mimi. Kamba haitoki.

Baba hajambo. Anaulizia kama bado unakoroma.

Dada yako.

14 Mei

Kwako Dada,

Salamu nyingi kwa Baba. Sisi wazima.

Nimekuelewa. Wewe ndiye jemadari wa nyumba hiyo, unatoa amri hata bila sababu, na Baba yupo chini yako hapo kama mpangaji. Ukishonewa kofia ya jemadari utaivaa. Nimejaribu kukuuliza kwa upole, umenijibu "usiulize". Jibu hilo huwa nawapa mapacha wakitaka kujua biskuti zimefichwa wapi.

Sitakuomba tena habari ya taa. Hii ndiyo mara ya mwisho ninaitaja.

Sare za shule unapeleka lini mwaka huu? Bado ni ile Jumatano ya kwanza ya Juni? Wifi yako anauliza, anataka kukutumia vifungo.

Mdogo wako.

11 Juni

Maridadi,

Sikuulizi hali. Ya kwako nitaijua ukimaliza kusoma.

Vifungo havijaja. Badala yake, Jumatano niliyokwenda kupeleka sare, amekuja fundi wako wa taa. Ulimtafuta kwa watu wako, ukampa maelekezo, ukampa na siku. Ulihakikisha simo ndani. Mimi nilikujibu ile barua kwa furaha, nikakuandikia na rangi ya vifungo ninavyotaka! Umenichezea kama mtoto, na nimeshindwa kukasirika hapo tu, kwa sababu yaliyofuata ni makubwa zaidi.

Fundi alimkuta Baba. Baba akamkaribisha. Akamwambia, "Fanya alivyokuagiza mwanangu." Fundi akazitoa taa zako kabatini, akachomeka vijiti vyake pande mbili za njia, akaikata kamba kama ulivyoagiza, akaikunja vizuri akaiweka juu ya pipa, akaaga. Ni mtu mstaarabu. Simlaumu.

Baba akaingia ndani, akakaa. Baadaye akasikia kiu. Akatoka mlango wa jikoni, akanyoosha mkono wa kulia pale kamba inapoanzia. Hapakuwa na kamba. Akaenda hivyohivyo, maana angemwita nani? Kiatu kikanasa kwenye taa ya pili. Ameanguka juu ya ule mkono, umevunjika kwenye kifundo, na uso umechubuka upande mzima. Nilimkuta amekaa chini anajifuta vumbi kwenye koti. Akaniambia, "Nimeteleza, maji yamemwagika." Hapakuwa na tone la maji.

Ilikuwa mchana, Maridadi. Jua la saa nane, hakuna hata wingu. Taa zako zilikuwa zinakula jua kama ulivyosema.

Baba yako haoni. Sasa nimesema. Yapata miaka miwili haoni kabisa, na kabla ya hapo aliona nusunusu akawa ananificha hata mimi. Nilijua siku mteja alipomrudishia saa akisema mishale imewekwa kinyume, Baba akaishika sikioni akasema, "Mbona inalia vizuri?" Kibanda akakifunga kesho yake. Daktari wa macho alisema mshipa umekufa, miwani haisaidii wala upasuaji. Ile kamba ni njia yake. Anaishika, anakwenda kunawa, anakwenda kukaa, anarudi, hakuna anayemshika mkono. Shuka ninaanika pale ili wapita njia waone kamba ya nguo. Niliifunga usawa wa kiuno kwa sababu ndipo mkono wa baba yako unapofika.

Utauliza kwa nini sikusema. Aliniapisha. Unamkumbuka Baba Mkubwa? Alipopofuka wanawe wakamchukua mjini kwa mapenzi makubwa, wakamweka ghorofani, na kila akinyanyuka mtu anamwambia, "Mzee, kaa, utaanguka." Amekaa kitandani mpaka amekufa. Baba aliporudi kutoka mazishini aliniambia, "Mdogo wako akijua, na mimi nitakaa." Wewe barua ya kwanza tu ukaniandikia ghorofa ya nne, na lifti.

Zile sifa za taa, nilimwambia nimezichomeka ili afurahi. Akazisifia ili ufurahi wewe. Basi ndivyo tunavyoishi hapa.

Umetaka kupendezesha uani. Njoo uone ulivyopendeza.

Dada yako.

20 Julai

Kwako Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na salamu. Mkono wa Baba unaendeleaje? Wifi yako analia. Mimi nilikaa na barua yako mfukoni kazini mpaka ikalowana jasho. Nimeandika mara nne nikachana.

Nina makosa. Lakini na wewe, Dada! Miaka miwili! Unaniona adui kiasi gani hata nisiambiwe baba yangu amepofuka? Ningejua ningekata kamba mimi? Ulipoandika "usiulize", ulidhani unaandikiana na nani, mtoza ushuru? Ungeandika mstari mmoja tu Baba angekuwa na mikono miwili leo. Hilo la vifungo nitalibeba. La kunyamaza libebe wewe, usinitwike yote.

Na sasa nasema wazi. Mzee haoni, mkono umevunjika, anayemtazama ni mtu mmoja anayeshinda kwenye cherehani. Haiwezekani kuendelea hivyo. Nakuja mwezi ujao kama nilivyopanga, na safari hii nitaondoka na Baba. Wakwe nimewaambia, wamekubali kusaidia. Mfungie nguo zake.

Mdogo wako.

6 Agosti

Mwanangu Maridadi,

Mwandiko ni wa dada yako, maneno ni ya baba yako. Ameapa ataandika kama ninavyosema bila kuremba, na tukimaliza kinyozi wa ng'ambo ya ua atakuja kunisomea, nihakikishe. Kwenye nyumba hii siku hizi ni lazima mtu ahakikishe.

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa wajukuu zangu. Waambie meno yataota. Mkono wangu umefunguliwa plasta wiki iliyopita, vidole vinacheza.

Barua yako nimesomewa yote, na ya kwake ya Juni pia nimedai nisomewe. Nimesikiliza. Mmebishana nusu mwaka nani ananipenda zaidi, na sijaona mahali hata pamoja mmeandika, "Tumuulize Baba." Mwanangu wa kiume amenipangia chumba. Binti yangu amenipangia giza. Andika, binti yangu, mbona kalamu imesimama? Andika hivyohivyo.

Sasa sikia habari za taa zako. Nilijua tangu mwanzo hazipo. Nilizisifia jioni ya kwanza, na sikujikwaa kwenye hata moja. Nilipoanguka nikajua zimefika.

Nilipotoka hospitali dada yako alitaka kuzing'oa siku ileile. Fundi wako alizichomeka kwa kina, na mgongo wa dada yako ni mbovu, akasema atamwita mtu kesho. Jioni nikakaa kwenye benchi na mkono wangu umening'inia shingoni. Nikasikia, "Fundi! Shikamoo fundi! Mkono umefanyaje?" Kinyozi huyo, anafunga duka. Nikamuuliza, "Umenionaje?" Akasema, "Si uko kwenye mwanga?" Mara akaja na kigoda chake. Baada yake akapita mke wa muuza mkaa, naye akanipa pole. Walikuja wengine, mpaka dada yako akaishiwa vikombe.

Miaka miwili nimekaa pale kila jioni. Nilisikia nyayo zao wote, zinapita. Nilifikiri watu wamenisahau tangu nilipofunga kibanda. Nilikuwa naumia, na sikumwambia mtu. Kumbe balbu iliungua, dada yako akaiacha hivyohivyo ili nisionekane nikipapasa. Mimi taa sizioni. Lakini watu wananiona, na wanaponiona wananisalimu. Nani kati yenu aliwaza hilo? Wewe ulizileta kwa ajili ya wakwe. Huyu alizificha kwa ajili ya aibu yangu, na aibu hiyo hakuniuliza kama bado ninayo.

Kinyozi nilimwambia mwenyewe kwamba sioni. Akasema, "Fundi, mtaa mzima unajua, tunakungoja wewe tu." Dada yako amelia kutwa. Mimi nimecheka.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Taa zinabaki, ila vijiti vimesogezwa ukutani, kinyozi kavipanga. Kamba imerudi, mpya, nene, na shuka haianikwi pale tena, isije ikanipiga usoni. Na mimi nabaki. Nguo zangu zimo kabatini na hazifungwi na mtu.

Njoo na wakwe zako, nitafurahi kuwajua. Kutoka mlangoni hadi kwenye viti vyao ni lazima waipite kamba, na haifunguliwi kwa ajili ya mgeni. Waambie mapema kwamba hapa tunainama. Wewe utatangulia, waone inavyofanywa. Mimi nitakuwa kwenye benchi, nimeishika upande huu, na asiyeinama nitamjua.

Baba yako.